Kazi Aliyoiacha Somo

Siku hizi kila mtu mzima huruhusiwa kuchungulia kazi zinazoendelea kichwani mwake, mradi amezianzisha mwenyewe. Zaitun huzichungulia asubuhi kwenye kioo cha jikoni, akisubiri unga wa maandazi uumuke. Kwenye orodha, njaa ni yake. Wimbo wa jana ni wake.

Leo aliona kazi isiyo na jina. Alipoigusa, kioo kilimjibu: "Huna ruhusa. Aliyeianzisha ni Bi Mwanaidi."

Bi Mwanaidi alikuwa somo yake, aliyemfunda kabla ya harusi. Alishakufa zamani.

"Bwana, hivi somo aliniwekea nini kichwani?"

Mumewe, Shomari, aliendelea kukoroga chai. "Ah, si kila bi harusi huwekewa? Ni kitu cha kuleta amani nyumbani."

"Wewe unaweza kukiona?"

"Somo akifa, ruhusa humwendea mume."

"Basi nifungulie na mimi nione."

"Ya nini, mke wangu? Kwani umewahi kunikasirikia?"

Zaitun alifikiri. Aliikumbuka cherehani yake, ambayo Shomari aliiuza bila kumwambia. Akakumbuka usiku mumewe aliporudi ananukia udi wa nyumba nyingine. Mara zote mbili, kesho yake, yeye alimpikia biriani.

Akasimama pale pale, akaingoja hasira. Aliona ni haki yake, na leo lazima ije. Aliposhtuka, mkono wake ulikuwa umeshainua birika.

"Nikuongeze chai?" aliuliza, na sauti ilikuwa tamu kweli.