Ujumbe Uliokwama Tangu Masika

Fundi alipomaliza kuchomeka waya mpya, Nesi Somoe alikuwa amesimama nyuma yake katika chumba cha wazazi cha zahanati.

"Sasa mtandao una kasi, dada," fundi akasema. "Tuma chochote tujaribu."

Kabla Somoe hajaigusa kompyuta, ujumbe mmoja uliokwama tangu masika ukaondoka wenyewe. Ilikuwa picha ya ultrasound ya tumbo la Nasiche, mjamzito aliyeletwa na uchungu, ambayo daktari wa hospitali kuu alipaswa kuiona siku ile ya mvua. Somoe alikuwa amekaa akitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo, mpaka Nasiche na mwanawe wakakata roho. Kuufuta ujumbe ule hakupata moyo.

Haikupita dakika mbili, simu ya video ikaita. Sura ya daktari wa zamu, asiyemfahamu, ikatokea safi kabisa.

"Nesi, picha nimeiona. Mtoto amekaa vibaya, lakini wote wawili tutawaokoa. Gari linatoka sasa. Mama yuko wapi?"

Fundi akatabasamu, ameridhika na kazi yake.

Somoe akaigeuza kompyuta taratibu kuelekea kitanda cha dirishani, alichokitandika mwenyewe asubuhi kwa shuka safi, na ambacho hakikuwa na mtu.

Daktari akasogeza uso, sauti yake ikalainika.

"Mshike mkono, nesi," akasema. "Anaogopa."

Somoe akabaki ameikumbatia kompyuta, hathubutu kugeuza shingo kuelekea kitandani.