Kima Achagua Mtihani Wake

Muhula mzima Mwalimu Kanga alifundisha namna ya kumkwepa mwewe. Siku ya mtihani akawaambia wanafunzi wake, "Safari hii kila mmoja achague mwenyewe jinsi ya kunionyesha kwamba ameelewa."

Kasuku akachagua kukariri. Digidigi akachagua kujificha. Kima, mvivu wa darasa, akacheka.

"Mimi nitamfundisha kifaranga wako, Mwalimu. Hiyo ni kazi ya mdomo tu."

"Haya, mchukue."

Kima akamwambia kifaranga, "Ukiona kivuli cha mwewe, jibanze kichakani utulie."

"Kwa nini nisikimbie?"

"Mwalimu kasema."

"Kwa nini kasema?"

Kima akakuna kichwa. Mwishowe akapanda mti mrefu, akatazama chini kama mwewe. Panya alipotulia nyasini, Kima hakumwona kabisa, lakini panya alipokimbia tu, Kima akamwona papo hapo. Akashuka mbio kumweleza kifaranga.

Jioni kivuli kikatanda uwanjani. Kifaranga akajibanza, akatulia tuli, na mwewe akapita zake.

"Umefaulu, Kima," Mwalimu akasema.

"Nimechoka, Mwalimu! Muhula ujao nipe mtihani wa kukariri. Ule ni rahisi."

Kifaranga akadakia, "Kwa nini?"