Kochi la Ukoo

Seremala alipima mlango mara ya tatu, akatikisa kichwa. "Dada, halipiti hili."

Lilikuwa kochi refu la kujilaza, la babu yake mume wangu, lenye egemeo upande mmoja na miguu iliyochongwa kama kucha za simba. Miaka kumi na minne nimelifuta vumbi, na hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Mchana huo mama yangu alikuwa anatoka hospitali. Hawezi ngazi, na kitanda chake kingeenea hapo lilipokaa kochi tu.

"Likate," nikasema.

Mume wangu, aliyetulia asubuhi nzima kama maji mtungini, akaingia, akajilaza juu yake na viatu vyake.

"Hili ni la ukoo. Mama atafutiwe mahali pengine."

"Wapi, baba watoto?"

Akafumba macho.

Seremala akaanza kukusanya vifaa vyake. "Ya mke na mume hayo, mimi simo."

"Niachie msumeno."

Nikapiga magoti, nikaushika mguu wa nyuma wa kochi kwa mkono wa kushoto, nikavuta msumeno. Unga mwekundu wa mbao ukamwagika sakafuni. Mume wangu akafumbua macho.