Alama Chini ya Mtungi

Silvano, hujaji mwenzangu, alipouinua mtungi wake wa plastiki kunimiminia maji ya kunawa, niliona chini yake duara dogo lenye mkia.

Duara hilo nililichora mwenyewe kwa msumari moto, ili mtungi wangu usichanganyike na ya majirani pale bombani.

Tulikuwa kikundi kidogo, tumepumzika Bahati, tukienda Subukia kwa miguu kuhiji kwa Mama Maria. Ilikuwa Oktoba 2008. Mwaka huo kila mtu alitaja jina la ubatizo peke yake, na hakuna aliyethubutu kuuliza la pili, lile linalotaja kabila.

Nyumba yangu ya mtaa wa Free Area ilichomwa Januari, kwenye ghasia za uchaguzi. Siku zote nimeamini hakuna hata kijiko kilichotoka.

"Kunywa pia, mathe," akasema. "Mlima bado."

"Hii mtungi ulitoa wapi?"

"Nilinunua tu, sokoni."

Akaushusha. Kidole chake gumba kikateleza chini polepole, kikafunika duara, kama mtu anayepangusa vumbi.

Mimi sikuwa nimetaja alama yoyote.

Wenzetu walianza wimbo, wakasimama. Msalaba wetu wa mbao hubebwa na watu wawili, na zamu ilikuwa yangu na Silvano. Tangu asubuhi alikuwa akitembea nyuma yangu. Nilidhani ni heshima.

Akainama kushika upande wa nyuma.

"Hapana," nikamwambia. "Pita mbele nikuone. Na hiyo mtungi nipe, nitabeba mimi."

Akanipa. Hakuuliza kwa nini.