Foleni ya Uji wa Nguchiro

Wewe unayebetua midomo, ikunje. Hata sijaanza, umeshabisha.

Kindi na Nguchiro waliuza uji pamoja, na foleni ilifika mtoni. Foleni ikamlevya Nguchiro. Akamwita Fisi awakopeshe njugu za kufungua duka la pili, na rehani iwe nyumba ya Kindi, wanamolala wanawe. Fisi akaja na karatasi, udenda unamtoka.

"Weka kidole, mama," Nguchiro akasema. "Wateja wote hawa huwaoni?"

"Nawaona." Kindi alikuwa ametoka kwa Mchwa, aliyemfundisha hesabu za biashara majuma mawili huku Nguchiro akimcheka. "Kikombe tunauza njugu kumi. Ulezi wake njugu sita, asali tatu, kuni mbili. Jumla?"

Nguchiro akahesabu vidole, akarudia. "Kumi na moja. Lakini tunauza vikombe mia kwa siku."

"Basi kila siku tunapoteza njugu mia. Duka la pili litapoteza mia nyingine, na huyu atalala kitandani kwa wanangu."

"Tupandishe bei, basi."

"Nilikwambia juma lililopita, ukasema watakimbia."

Fisi akasogeza wino. "Mama, biashara ni ujasiri."

"Ujasiri wa kuchezea nyumba ya mwenzio, baba, hata kupe anao."

Nje wateja waligonga vikombe. Kindi akamwaga maji motoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu waanze, hawangepata hasara. Akatoka, akaufunga mlango.