Jino Lisishike Kutu

Jumanne, 14 Mei 2013. Asubuhi manyunyu, bahari shwari.

Tangu nipandikizwe jino Dar, wenzangu wa kisomo cha jioni Kiegeani wananikwepa. Nilidhani wanalicheka. Nikaacha kutabasamu, nikabaki kumwomba Mungu.

Leo nilipoitwa kusoma, Bimkubwa, mwanafunzi mwenzangu, aliziba pua kwa mtandio. "Fundi Mansuri, mdomoni unatia nini?"

"Mafuta ya papa, kama ninavyopaka mashua. Daktari kaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi, na jino limekazwa kwa skrubu. Si litashika kutu?"

"Subhanallah! Sisi tunakimbia shombo, jino lenyewe zuri!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, jino nje.

Nikainua mkono. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, kuanzia leo mafuta ya papa ni ya mashua tu."