Mbuzi wa Kamba Nyeupe

Mbuzi sita wa kamba nyeupe shingoni walitakiwa kubaki wagonjwa, lakini hawakubaki.

Ndunge aliinua kichwa kutoka kwa hadubini, akafuta miwani, akaangalia tena. Mavi ya mbuzi yalikuwa yamepangwa kwa visahani juu ya meza ya mama yake hapo Kitengela, meza ile ile ya kulia ugali. Alikuwa akitafuta mayai ya minyoo. Kwa mbuzi wa kamba nyekundu, hakuna. Kwa wale wa nyeupe, hakuna.

"Wote wamepona," akasema, kama mtu anayetangaza msiba.

"Mungu asifiwe!" Kalunde, mama yake, alijibu kutoka mlangoni, akisugua ile sufuria kubwa ya Krismasi kwa majivu. "Sasa mbona umekunja uso?"

"Mwaitu, wale wa nyeupe walikuwa wapewe maji tu. Kama wamepona na maji, dawa yangu ni ya nini?"

Kalunde akaacha kusugua.

Huo ulikuwa mwaka wa 2003, na Ndunge alikuwa amemaliza miaka kumi na moja kwa hiyo dawa moja ya minyoo. Anaongeza kitu hapa, anatoa kitu pale, kama mpishi anayetafuta chumvi ya mchuzi. Hii ilikuwa ya mia mbili na nne. Katika majaribio ya kwanza iliua minyoo, lakini mbuzi nao walilewa siku nzima, wakipepesuka kama watu wametoka arusini. Aliomba ajaribu nusu ya kipimo. Mkubwa wake akacheka, eti nusu ni kupoteza mbuzi bure. Alipewa nafasi moja tu, kwa kipimo kile kile: aonyeshe kwamba dawa inashinda maji, ama Jumatano maabara yake ifungwe.

Mbuzi kumi na wawili wenye minyoo walinunuliwa sokoni Kajiado, wakaletwa kwa Kalunde kwa sababu kazini hapakuwa na nafasi. Halafu Ndunge akaitwa Kisumu kufundisha mwezi mzima. Maagizo aliyatoa akiwa amevaa kiatu kimoja, gari likipiga honi nje.

"Kila Jumamosi, Mwaitu. Chupa za kifuniko nyekundu kwa kamba nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Hizo nyeupe ni maji, lakini wape tu."

"Sawa, sawa. Enda, utaachwa."

Mwenye kusoma sana hueleza haraka, na sisi tulioishia darasa la saba huitikia haraka. Akina mama wenzangu, mkiambiwa jambo na mtu amesimama mlangoni, mwambieni kwanza akae.

Sasa Kisemei, jirani aliyekuwa akishika mbuzi pembe kila Jumamosi, alibisha hodi akaingia bila kungoja karibu.

"Sopa, daktari wa mavi!" akasalimu Kimaasai.

"Epa. Mzee, niambie ukweli. Uliwapa hawa mbuzi miti yako ya dawa?"

"Mimi? Ningekuwa nayo si ningepea zangu! Mbuzi zangu zinakula nyasi hii hii, zinakunywa hii hii maji ya kisima ya chumvi, na bado zinaharisha mpaka naona haya."

"Na magadi?"

"Walilamba pamoja na zangu. Jiwe moja."

Ndunge akaandika. Basi si maji ya kisima, na si magadi. "Walilewa?"

"Hata mmoja hakulewa. Lakini hata hao wako wa nyeupe wako na madharau! Wakimiminiwa, wanakunja mdomo, wanatema, kama wamelambishwa nyongo."

"Labda ni chumvi."

"Si ulisema maji ya chupa ulitoa Nairobi?"

Ndunge akaandika, akaweka alama ya kuuliza.

Kalunde alileta chai. Aliimimina kwa vikombe vitatu, akapunguza hiki, akaongeza kile, mpaka vikawa sawa kabisa. Kisemei akacheka. "Huyu mama akigawa nyama, hata paka anapata kiuno."

"Hujui alivyotulea," Ndunge akasema. "Soda moja, watoto sita. Alikuwa anapima na kifuniko."

Wakacheka wote, lakini kicheko cha Ndunge kiliisha mapema. Alivuta karatasi ya ripoti ya kupelekea mkubwa wake, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Dawa haikulewesha mbuzi, na haikushinda maji. Nafikiri iliharibiwa na jua njiani. Kwa hivyo dawa hii imekufa."

"Miaka kumi na moja!" Kisemei alisema. "Hata ndovu angekuwa amezaa mara tatu."

"Nitatafuta kazi ya ualimu, mzee. Mwaitu, nikuulize jambo moja kabla nitie sahihi. Kuna chupa yoyote ilibaki?"

"Hakuna hata tone."

Kalunde alitazama kalamu ikishuka kwenda mahali pa sahihi. Halafu akaweka kikombe chini, akaivuta ile sufuria ya Krismasi magotini kama mtu anayepakata mtoto.

"Ndunge, usinikasirikie. Mimi nimezaa watoto sita, na sijawahi kupatia watatu dawa na watatu maji. Kila Jumamosi nilimimina chupa zote kumi na mbili humu ndani, nikakoroga, nikawapimia wote kikombe kimoja kimoja, sawasawa."

Ndunge aliwatazama mbuzi kumi na wawili wakirukaruka uani, hakuna hata mmoja anayepepesuka. Akakata neno "imekufa", na juu yake akaandika "nusu ya kipimo".